Mara ya Kumi na Saba

Ukuta wa duka langu hapa Ruwi ni mwembamba,
mbao na chokaa, basi. Upande wa pili
Yaarub alikuwa akirekodi albamu yake ya mapenzi.
Nyimbo tisa, miezi minne.
Mimi nilizisikia zote zikiwa hazijavaa nguo.

Siku ya kwanza alibisha hodi Bijoy, fundi mitambo,
na ndara zake, mkono kifuani kama aliyekuja kuhani:
"Mama Zuwena, cherehani yako inaingia kwenye kinanda."
Nikamwambia, na kinanda chenu je,
hakiingii kwenye kanzu za watu?
Tukapatana. Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wao
naacha pedeli, nashona matundu ya vifungo kwa mkono.
Ndiyo maana Idi ile vifungo vyangu
vilishika kuliko ndoa nyingi za mtaa huu.

Wimbo wa tano ni wa Kiswahili, Kiswahili cha bibi yake.
Mshororo mmoja tu uliwatesa:
rudi, mlango sijaufunga.
Aliuimba laini. Akauimba laini zaidi.
"Moja tena," anasema Bijoy.
Mara ya tatu kikohozi. Mara ya nane simu ikatetemeka.
Mara ya kumi na moja akatoka nje ukumbini,
nikamsikia, tena kwa Kiswahili hichohicho:
"Friji chukua. Na zulia chukua.
Lakini Ijumaa mtoto ni wangu, tumeandikiana."
Akarudi ndani,
akaimba kwamba yeye hajui kugombana.

Sikumcheka. Nilikuwa na gauni la bi harusi wa Samail
mapajani, lulu mia tatu,
na mume wangu mwenyewe yuko Dubai mwaka wa sita,
hutuma pesa kila tarehe tano
kama mtu anayelipa bili ya maji.

Mara ya kumi na saba
neno "mlango" lilimkatikia kinywani.
Mla—
Halafu kimya.
Si kimya cha mtu aliyesahau maneno.
Cha mtu aliyeuona huo mlango.
Kiyoyozi kilinguruma. Bijoy hakusema moja tena.
Sindano ilinichoma kidole, nami nikakiacha
kitone doa kwenye hariri ya watu,
doa nililokuja kulifunika kwa lulu ya mia tatu na moja.
Nikasema moyoni: hii. Waiache hivi hivi.

Hawakuiacha.

Sasa albamu iko kila mahali:
kwa kinyozi Mbalushi, kwenye lifti ya hospitali,
kituo cha mafuta njia ya Seeb, gari zinakunywa
naye anazibembeleza. Sauti imepigwa pasi,
haina kikunyanzi hata kimoja,
pumzi zake zimechomolewa zote kama nyuzi za bandi.
Wateja wananiambia, Mama, inatuliza,
inafaa kwa safari ndefu, mtoto analala Nizwa hajaiona.
Nasema kweli, inatuliza.
Nani amewahi kuvaa kanzu
akauliza fundi aliifumua mara ngapi?

Ila usiku mmoja niliazima hedifoni za binti yangu
nikakaa jikoni, nikaenda moja kwa moja wa tano.
Baada ya ubeti wa pili, pale fidla zinaposhuka,
chini kabisa, nyuma ya kila kitu:
tak tak tak tak tak.
Halafu inashtuka, inanyamaza.

Ni mimi.
Taa ilikuwa imeshawaka, nikachelewa kuiona,
namalizia upindo wa kanzu ya mtoto wa miaka saba
aliyoileta Yaarub mwenyewe, kitambaa kimekunjwa
ndani ya mfuko wa duka la dawa:
"Ya Ijumaa, Mama. Tafadhali usinicheleweshe."

Nilimuuliza Bijoy kama hakuisikia.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
taratibu, kioo kimoja, kisha cha pili.
Akasema alidhani ni ngoma.